Kwa nini 'kibeba chaji' wala si 'mbeba chaji'

Mwalimu mmoja wa Fizikia mjini Machakos ameniuliza: vile vinavyosafirisha umeme ndani ya plastiki tuviiteje kwa Kiswahili? Swali si dogo. Wanafunzi wetu husomeshwa sayansi kwa Kiingereza, na wengi hukariri istilahi bila kuiona picha iliyomo ndani yake.

Kwanza, umbo la neno. Kiambishi m- hutupa watu: mchukuzi, mpagazi, mbeba mizigo. Machakos iliwajua vyema wapagazi, maana mwishoni mwa karne ya 19 misafara iliyotoka Mombasa ilipita huko. Lakini elektroni si mtu. Kwa vitu tunatumia ki-, kama katika kipaza sauti na kipimajoto. Basi istilahi ifaayo ni 'kibeba chaji', wingi 'vibeba chaji'.

Hata hivyo, tahadhari. Mpagazi huweza kutua mzigo akapumzika. Elektroni haiwezi kutua chaji yake, kwani hiyo ni sehemu ya umbile lake.

Pili, ziko wapi elektroni hizo? Plastiki ya mtungi wa maji haipitishi umeme kwa sababu elektroni zake zimefungwa imara. Mnamo 1977, Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa mvuke wa iodini, uwezo wake wa kupitisha umeme huongezeka mara mamilioni. Walituzwa Nobel ya Kemia mwaka 2000. Iodini hunyakua elektroni kutoka kwa mnyororo wa molekuli na kuacha nafasi yenye chaji chanya.

Nafasi hiyo wengi huiita 'shimo'. Mimi napendelea 'pengo'. Shimo huchimbwa popote, ilhali pengo, kama la meno, hutuambia moja kwa moja kwamba kuna kilichong'oka. Elektroni jirani ikiliziba, pengo jipya hutokea ilikotoka. Ndivyo pengo 'linavyotembea'.

Sasa kuna 'polaroni'. Mnyororo wa polima ni laini, hivyo chaji inapokaa mahali, viungo vinavyoizunguka hujipanga upya. Mtazame mtoto anayetambaa juu ya kitanda cha kamba: anapopita kamba hubonyea, na bonde lile humfuata. Polaroni ni chaji pamoja na bonde lake. Chaji mbili zikishiriki bonde moja, tunapata 'bipolaroni'. Katika poliasetilini yenyewe, wataalamu huzungumzia zaidi 'solitoni', yaani mkunjo unaosafiri pale mpangilio wa viungo unapogeuka.

Maneno haya ya mkopo tuyaweke katika ngeli ya I-ZI, sawa na elektroni: polaroni hii inasonga, polaroni hizi zinasonga. Tusiseme eti 'polaroni huyu anasonga', jamani, kana kwamba ana miguu!

Istilahi nzuri ni nusu ya somo. Mwanafunzi akisikia 'pengo' na kukumbuka bonde la kitanda cha kamba, kinachobaki ni hesabu tu.