Je, Wajua? Kisa cha CD ya Bure Iliyobandikwa Jaladani

Je, wajua kwamba mojawapo ya rekodi zilizochapwa kwa wingi zaidi katika historia haikuimbwa na binadamu? Januari 1979, jarida la National Geographic liliwafikia wasomaji wake likiwa na kisahani chembamba cha plastiki, laini kiasi cha kupinda kama karatasi, chenye milio ya nyangumi wa nundu iliyokusanywa na mwanabiolojia wa Marekani, Roger Payne. Nakala milioni 10.5 zilichapwa kwa mkupuo mmoja. Msomaji alikichomoa, akakiweka juu ya gramafoni, pengine akatia sarafu juu yake kisiteleze, na sebule ikajaa sauti za viumbe ambao huenda asingekutana nao maishani.

Visahani vya namna hiyo vilikuwa na umri tayari. Wafaransa walikuwa na jarida la Sonorama tangu 1958. Umoja wa Kisovieti ukaanzisha Krugozor mwaka 1964, jarida ambalo baadhi ya kurasa zake zilisomwa na nyingine zikachezwa kwenye gramafoni. Lakini aliyekuja kutamba kuliko wote katika ukoo huo ni CD ya kionjo: mkusanyiko wa nyimbo kumi na tano hivi, uliobandikwa bure juu ya jalada la jarida la muziki. Ilishamiri Uingereza na Marekani katika miaka ya 1990, na miaka ishirini baadaye ilikuwa inatafutwa kwa tochi. Wengi husema iliuawa na intaneti. Intaneti ina hatia, sikatai, ila maelezo hayo ni mafupi mno. CD hiyo iliishi kwa wingi wa nakala, na wingi ulipoondoka haikuwa na namna nyingine ya kuishi.

Ili kulielewa hilo inabidi kuutazama mwili wake. CD iliingia sokoni Japani Oktoba 1982, tunda la ushirikiano wa Sony na Philips. Ni sahani ya plastiki iitwayo polikaboneti, yenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Ndani yake kuna mstari mmoja tu, unaoanzia karibu na tundu la katikati na kuzunguka ukielekea ukingoni. Ukinyooshwa, hupita kilomita 5. Mstari huo umejaa vishimo vidogo sana. Kutoka mzunguko mmoja hadi ule wa jirani ni mikromita 1.6, kwa hiyo unywele mmoja wa binadamu ukilazwa juu yake hufunika makumi ya mizunguko. Mwale wa leza hupenya plastiki kutokea chini, hugonga utando wa alumini na kurudi, na pale unaporudi kwa namna tofauti mashine hujua imepita kwenye ukingo wa kishimo. Mashine huhesabu, kisha huunda sauti upya kwa kuunganisha vipande 44,100 kila sekunde.

Kiwandani, gharama kubwa iko mwanzoni. Kwanza huandaliwa kioo kinachochorwa kwa leza, na kutokana na kioo hicho hupatikana muhuri wa nikeli. Baada ya hapo kazi inakwenda mbio: plastiki iliyoyeyushwa husukumwa juu ya muhuri, hupoa ikiwa na vishimo vyote, hupakwa alumini, hufunikwa kwa vanishi na kuchapwa picha. Sahani moja huchukua sekunde chache tu. Maana yake kwa mhasibu wa jarida ni kwamba sahani ya kwanza ni ghali mno na ya laki moja ni karibu ya bure. Jarida lenye wasomaji laki mbili liliweza kugawa muziki na bado likapata faida. Lenye wasomaji elfu ishirini lilikuwa linabeba mzigo.

Na kwa nini ligawe? Kwa sababu kulikuwa na shida ya kweli. Katika miaka ya 1980 na 1990 mtu aliweza kusoma makala ndefu kuhusu bendi asiweze kuisikia. Redio zilicheza nyimbo zilezile zilizokuwa zikivuma, na vipindi vya muziki mgeni vilirushwa usiku wa manane. Albamu mpya ya CD Uingereza iliuzwa zaidi ya pauni 10, na dukani hurudishiwi fedha eti kwa kuwa wimbo wa tatu hukuupenda. Mwandishi alikusimulia ladha kwa maneno. CD ilikuwa kile kipande cha tikiti ambacho muuzaji hukukatia uonje kabla hujafungua pochi.

Njia ilikuwa imefunguliwa kwa kaseti. Mwaka 1981 gazeti la kila wiki la NME la London, likishirikiana na kampuni ya Rough Trade, lilitoa kaseti iitwayo C81 yenye nyimbo zaidi ya ishirini. Haikubandikwa jaladani wala haikuwa bure kabisa: msomaji alikata kuponi gazetini, akatuma pamoja na pauni 1.50, akasubiri posta. Miaka mitano baadaye ikaja C86, ikiwa na bendi 22, na hiyo ikafanya jambo ambalo wahariri wake hawakulipanga. Jina lake likawa jina la mtindo mzima wa muziki wa magitaa. Hadi leo wakosoaji wa Uingereza wakisema bendi fulani inapiga “C86”, wanamaanisha kaseti hiyo.

Kisha CD ikashuka bei kiwandani, na kila mhariri akataka yake. BBC Music Magazine lilizaliwa mwaka 1992 likiwa na CD nzima ya muziki wa klasiki kwenye kila toleo. Marekani, CMJ New Music Monthly lilianza mwaka 1993 kwa mtindo huohuo, likijaza sahani yake bendi ambazo redio za vyuo vikuu ndizo zilizokuwa zikizipiga. The Wire, jarida la London la muziki usio wa kawaida, lilianzisha mfululizo wa Wire Tapper mwaka 1998. Songlines, lililoanza mwaka 1999, likafanya hivyo kwa muziki wa Afrika, Asia na Amerika Kusini, na kuna Mzungu leo anayekusanya rekodi za Mali aliyeonjeshwa kwa mara ya kwanza na kifuko cha karatasi ngumu kilichodondoka kutoka katika jarida hilo.

Nikiulizwa ni ipi iliyofanya kazi vizuri kuliko zote, nitasema ni ile ya jarida la Uncut ya mwaka 1998, Sounds of the New West. Ilikusanya wanamuziki wa Marekani waliokuwa wakichanganya kantri na roki, wengi wao hawajulikani Uingereza hata kidogo. Makala za jarida zilikuwa zimeshawasifu, lakini sifa za kuandikwa zina mipaka yake. Zilipopangwa pamoja kwenye sahani moja, nyimbo hizo zilisikika kama ukoo mmoja, na kwa Waingereza wengi ndipo mtindo huo ulipoanzia. Hapa ndipo thamani ya CD ya kionjo ilipokaa: kulikuwa na mtu aliyekaa chini, akachagua, akapanga wimbo upi ufungue na upi ufuate, kisha akaweka jina la jarida lake juu ya uchaguzi huo. Jarida la Mojo lilifika mbali zaidi. Liliwaalika wanamuziki kuimba upya albamu nzima za Beatles, wimbo kwa wimbo, likianza na Revolver mwaka 2006.

Tusidanganyane hata hivyo kwamba yote yalikuwa mapenzi ya sanaa. Watunzi walitakiwa kulipwa haki yao kwa kila nakala, na jarida lilihitaji leseni kwa kila wimbo. Kampuni za muziki zilitoa nyimbo kwa bei ya kutupa kwa sababu zilitaka matangazo, na katika baadhi ya majarida zilinunua kabisa nafasi kwenye sahani. Msikilizaji mwenye sikio aliitambua mara moja sahani ya aina hiyo: wimbo mmoja mzuri wa kuanzia, na baada yake foleni ya bendi zilizolipia tiketi.

Halafu magazeti ya habari yakaingilia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magazeti ya Jumapili ya Uingereza yalikuwa yakigawa sahani kama vipeperushi, muziki wiki hii, filamu wiki ijayo. Kilele kilifika tarehe 15 Julai 2007. Gazeti la Mail on Sunday lilitoka na albamu mpya ya mwanamuziki Prince, Planet Earth, nzima, katika nakala zinazokaribia milioni 3. Haikuwa kionjo tena, kwa kuwa mlo wote ulikuwa mezani. Tawi la Uingereza la kampuni ya muziki ya Sony BMG likaamua kutoiuza albamu hiyo madukani. Kampuni ya maduka ya HMV ililalamika kwa ukali, kisha siku yenyewe ilipofika ikaliuza gazeti hilo katika maduka yake.

Prince hakuwa mjinga. Kiangazi hichohicho alifanya maonyesho 21 katika ukumbi wa O2 jijini London, na kila aliyenunua tiketi alipewa albamu hiyo. Alishaona fedha zinakoelekea. Lakini kwa majarida ya muziki lilikuwa pigo. Msomaji aliyeokota albamu kamili pamoja na habari za siasa na michezo angevutwaje na nyimbo kumi na tano za watu asiowajua? Nadhani magazeti yale yaliifundisha Uingereza kuona sahani kama takataka yenye kung’aa kabla Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haijafika.

Nayo ikafika, Oktoba 2008. YouTube ilikuwapo tangu 2005. Mwaka huohuo wa 2008 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya MacBook Air isiyo na mahali pa kuingiza sahani, na watengenezaji wengine, pamoja na wa magari, wakafuata polepole. Takwimu za chama cha kampuni za muziki za Marekani zinaonyesha kwamba CD zaidi ya milioni 940 ziliuzwa nchini humo mwaka 2000. Mwaka 2020 zilikuwa takriban milioni 32.

Majarida yalianguka moja baada ya jingine. CMJ New Music Monthly lilikoma mwaka 2009, Paste likaacha karatasi mwaka 2010, na The Word, ambalo wapenzi wake walisubiri sahani yake kila mwezi, likafungwa mwaka 2012. NME liligeuzwa gazeti la bure mwaka 2015, na toleo lake la karatasi la kila wiki likakoma Machi 2018. Jarida la Q lilikuwa likiuza nakala zaidi ya laki mbili mwaka 2001. Lilipofungwa Julai 2020 zilikuwa zimebaki kama 28,000. Rudia hesabu ya muhuri wa nikeli na utaona kwamba hapo hapakuwa na fedha ya kuchapa zawadi.

Kwetu Afrika Mashariki kazi ya kuonjesha ilifanywa na watu wengine. Wachuuzi wa barabarani waliuza CD za kuchoma zilizoshindiliwa nyimbo za MP3 zaidi ya mia, bila ruhusa ya mtunzi yeyote. Jijini Nairobi, madijei walichanganya nyimbo na kuzigawa bure kwa matatu ili majina yao yasikike njia nzima. Dijei alichagua na kupanga kama yule mhariri wa London, tofauti ikiwa kwamba abiria hakuulizwa.

CD ya kionjo haijatoweka kabisa. Mojo na Uncut yaliendelea nayo hadi ndani ya miaka ya 2020, kwa kuwa wasomaji wao ni watu wazima ambao bado wana mashine ya kuichezea. Na kama wewe au mzee wako nyumbani mnazo hizo za zamani, msizifanye vitisha-ndege shambani. Baadhi ya nyimbo zilirekodiwa kwa ajili ya sahani hizo tu, na hazipatikani mtandaoni. Sahani iliyochapwa kiwandani hudumu kuliko ile ya kuchomwa nyumbani, ambayo hutegemea rangi inayochakaa kwa joto na mwanga. Ishike kwa ukingo. Watu wengi hulinda upande wa chini unaong’aa, kumbe upande wenye picha ndio dhaifu zaidi, kwa sababu alumini imelala hapo chini ya vanishi nyembamba, na mkwaruzo ukiifikia hautengenezeki.