Safari ya Katavi (3): Mwenye hifadhi ni mbung'o

Picha za viboko wa Katavi waliobanana kwenye tope la Mto Katuma zinazunguka tena kwenye simu za watu, kama ilivyo karibu kila kiangazi, na wasomaji wananiuliza kama bado inafaa kwenda. Inafaa. Habari za usafiri hadi Mpanda na Sitalike, pamoja na malazi, tulizimaliza katika makala mbili zilizotangulia. Maji ya Katuma nitayafikia. Kwanza nina deni kwa mdudu mmoja ambaye vipeperushi vya utalii humtaja mwishoni kabisa, baada ya kofia na mafuta ya jua.

Mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, hampi mgeni nafasi ya kumsahau. Gari likishaingia kwenye miombo tu, anafuata mwendo wake, anapenya dirishani, anatua begani na kukunja mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Shati halimzuii kuuma. Rangi za bluu na nyeusi humvuta sana, ndiyo maana kwenye maeneo ya mbung'o hutundikwa vitambaa vya rangi hizo vilivyotiwa sumu. Na uzazi wake ni wa ajabu. Wakati nzi wa jikoni anataga mayai kwa mamia, mbung'o jike hulea buu mmoja tu tumboni, akimnywesha maziwa ya mwilini mwake, na humzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, tayari kujifukia udongoni. Kiumbe anayezaa kwa uchache huu ungedhani ni rahisi kummaliza. Thubutu!

Nyati na pongo hubeba vimelea anavyoeneza mbung'o bila taabu kubwa. Ng'ombe hupata nagana, binadamu hupata malale. Hata hivyo wazee wetu waliishi jirani naye kwa karne nyingi: walifyeka, walichoma nyasi kwa wakati wake, walilima na kuchunga, na vichaka vikakaa mbali na nyumba. Mambo yaliharibika mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki. Zikafuata njaa, vita vya Wajerumani na kazi za kulazimishwa. Jembe liliposimama, kichaka kilirudi, na ndani ya kichaka wakarudi wanyama na mbung'o wao. Mtafiti John Ford aliieleza hoja hii mwaka 1971, na mwenzake Helge Kjekshus akaiandikia kitabu kizima kuhusu nchi yetu mwaka 1977. Vitabu hivyo vingestahili kusomwa na kila anayepewa leseni ya kuongoza watalii.

Miaka ya 1920 Waingereza walikwenda mbali zaidi. Kwa hofu ya malale waliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, ili mashamba yaliyopakana yamnyime mbung'o kivuli. Kitabibu ilikuwa na mantiki. Lakini vijiji vilivyoachwa vilimezwa na msitu, na nchi iliyokwisha kuondolewa watu ni rahisi mno kuichorea mpaka wa hifadhi. Kule Rhodesia ya Kusini walichagua njia nyingine, wakaua wanyamapori kwa mamia ya maelfu ili mbung'o akose damu. Dawa ya kistaarabu ilichelewa hadi miaka ya 1990, pale madume waliohasiwa kwa mionzi, waliofugwa Tanga, walipomwagwa Unguja kwa ndege mpaka mbung'o wa kisiwa kile akaisha bila risasi hata moja.

Kwa hiyo Katavi, iliyotengwa na Wajerumani mwaka 1911 na kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, haikushushwa kutoka mbinguni ikiwa tupu. Mwongozaji anayemwambia mgeni kwamba hapa hapajawahi kukaa mtu anawafuta Wapimbwe, Wabende na Wakonongo kwa sentensi moja, tena mbele ya ule mkwaju wa karibu na Ziwa Katavi ambako watu huacha sadaka kwa mzimu uitwao Katabi. Ni ujinga, na ujinga unaolipiwa kwa dola unaudhi zaidi. TANAPA wangeweka pale lango la Sitalike ubao mmoja wenye historia hiyo, hasara yake ingekuwa nini?

Sasa Katuma, kwa ufupi, maana nafasi inaniishia. Mto huu hupungua kila kiangazi, hilo ni la asili. Lisilo la asili ni mifereji na makinga ya mashamba ya mpunga huko juu, yanayoushika kabla haujafika hifadhini. Simlaumu mkulima anayetafuta chakula. Namlaumu anayegawa maji kana kwamba mto unaishia kwenye jaruba la mwisho. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ihakikishe kinachobaki mtoni mwezi Septemba na Oktoba kinamfikia kiboko.

Nanyi mnaokwenda, vaeni kaki, acheni bluu nyumbani. Hatari ya malale kwa mgeni ni ndogo, lakini ukirudi ukapata homa, au kidonda pale ulipoumwa, mwambie daktari mapema kwamba ulikuwa kwenye pori la mbung'o. Asipoambiwa, atakupima malaria tu.