Kaa Nasi: Chakula cha Jioni na Urafiki katika Jumuiya



Ndugu msomaji, katika jumuiya yetu kule nyumbani kuna baba mmoja ambaye kwa miezi kadhaa hakuonekana kwenye sala. Jina lake lilikuwa likisomwa kila juma kati ya wale wasiomaliza michango, na wengi tulidhani amelegea katika imani. Likizo iliyopita mama alimwalika yeye na mkewe waje kula nasi ugali, dagaa na mchicha. Tulipokwisha kula tukabaki tumekaa tu. Hapo ndipo aliposema kwamba amepoteza kazi, na anaona aibu kuja jumuiyani mikono mitupu. Tulikuwa majirani, tumesali pamoja kwa miaka, na hatukujua. Naandika haya kwa ruhusa yake.

Kwa nini aliweza kusema mezani yale asiyoweza kuyasema kwenye sala?

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, waliweka ujenzi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Walitaka Kanisa liwe karibu na watu, pale wanapoishi na kufahamiana. Lakini tazama kikao chetu cha kawaida: wimbo, Neno la Mungu, maombi, matangazo, michango, kisha kila mtu anawahi shughuli zake. Yote hayo ni mema. Ila hakuna dakika ambayo mtu anaulizwa, “Wewe mwenyewe u hali gani?” na akapewa muda wa kujibu.

Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anatofautisha urafiki wa aina tatu: wa faida, wa raha na wa wema. Ule wa faida hufa faida inapokwisha. Ule wa wema hudumu, kwa kuwa mtu anapendwa jinsi alivyo. Lakini huo unahitaji muda na mazoea, na Aristotle anakumbusha msemo wa watu wa kale kwamba watu hawajuani kabla ya kula chumvi pamoja. Jumuiya inayokutana kwa ajili ya michango tu iko hatarini kubaki kwenye urafiki wa faida: asiye na cha kutoa anajiondoa mwenyewe.

Basi, tufanyeje? Kwanza, alika watu wachache, familia moja au mbili. Wakizidi, inakuwa sherehe, na kwenye sherehe mnyonge hujificha. Pili, pika chakula cha kila siku. Ukichinja kuku watatu, jirani asiye na uwezo ataogopa kukualika naye. Katika Luka sura ya 14, Yesu anatuagiza tuwaite maskini, wasio na cha kuturudishia. Mwaliko usiwe deni. Tatu, kazi ya jikoni igawanywe. Haifai mama abaki kwenye moshi peke yake huku akina baba wakipiga soga sebuleni. Mwenyeji naye aketi, ale, asikilize. Nne, simu na televisheni zipumzike, na daftari la michango lisiletwe kabisa. Tano, uliza halafu nyamaza. Mtu hasemi la moyoni kabla hajashiba wala kabla hajaona kwamba hamna haraka. Mwisho, salini kwa kifupi, na yaliyosemwa mezani yabaki mezani mpaka mwenyewe aruhusu.

Wapo watakaosema kwamba maisha ni magumu, nani ataweza kulisha wageni? Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Unga ukiongezwa kidogo kwenye sufuria ileile, unatosha. Na kama hata huo haupo, chai ya rangi na viazi vitamu vinafaa kwa mazungumzo sawasawa na pilau.

Tukumbuke wanafunzi wawili wa Emau. Walitembea na Yesu njiani, wakafafanuliwa Maandiko, mioyo yao ikawaka. Lakini walimtambua katika kuumega mkate. Tena Yeye alikuwa kama anayetaka kuendelea na safari. Ni wao waliomsihi akae nao. Wasingemkaribisha, wangelala bila kujua walikuwa na nani.

Baba yule bado anahangaika na vibarua. Hata hivyo amerudi jumuiyani. Alizungumza mwenyewe na mwenyekiti, na siku hizi majina ya wasiomaliza michango hayasomwi tena mbele ya watu. Juma hili, mtazame jirani yako wa jumuiya ambaye hujamwona siku nyingi. Kabla ya kuuliza kwa nini haji kusali, mwambie aje mle.