Programu Huria na Ushindani wa Makampuni ya Kompyuta: Suala Linalokihusu Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanachuo anayeandika tasnifu yake kwa kompyuta hudhani kwamba kazi hiyo ina washiriki wawili tu, yaani yeye mwenyewe na lugha anayoitumia. Kwa hakika yuko mshiriki wa tatu asiyeonekana, naye ni mwenye programu. Huyo ndiye aliyekwisha kuamua ni lugha gani itatumika katika maelekezo ya skrini, ni maneno gani yatapigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni makosa, na kama faili iliyohifadhiwa leo itaweza kufunguliwa baada ya miaka 10. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uwezo huo ulivyoingia mikononi mwa makampuni machache, jinsi watetezi wa programu huria walivyoupinga, na kwa nini ubishi huo unawahusu wataalamu wa Kiswahili hata kama hawajapata kuandika programu yoyote.

2. Programu na msimbo wake

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza. Maagizo hayo huandikwa na binadamu kwa lugha maalumu inayosomeka, na maandishi yake huitwa msimbo wa chanzo. Baadaye msimbo huo hugeuzwa kuwa tarakimu 0 na 1, ambazo mashine huzielewa lakini binadamu hazisomi kwa urahisi. Mtu aliyepewa tarakimu peke yake aweza kuitumia programu, ila hawezi kujua ilivyotengenezwa wala kuirekebisha. Hali yake ni kama ya mgonjwa aliyepewa dawa iliyokwisha kusagwa: dawa yaweza kumponya, lakini majani yaliyotumika hayajui, na siku mganga akihama kijiji, dawa nayo imehama.

Mwanzoni tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Kompyuta ziliuzwa kwa bei ghali, na programu zilifuatana nazo. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaanza kutenganisha bei ya mashine na bei ya sehemu ya programu na huduma zake. Tangu hapo programu ikaanza kuwa bidhaa inayojitegemea. Mwaka 1976 Bill Gates, mmoja wa waasisi wa Microsoft, aliandika barua ya wazi akiwalaumu watu waliokuwa wakinakili programu ya kampuni yake bila malipo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kazi ya akili ni kazi, na asiyelipwa hataendelea kuifanya.

Upande wa pili ulipata msemaji wake mwaka 1983, wakati Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, alipotangaza mradi wa GNU. Kwake yeye, mtumiaji ana haki ya kuiendesha programu, kuusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Mwaka 1989 ilitolewa leseni ya GPL, ambayo iligeuza sheria ya hakimiliki itumike kinyume cha mazoea yake: mwenye kuichukua programu na kuisambaza pamoja na marekebisho yake hulazimika kuwapa wapokeaji haki zile zile alizopewa yeye. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo wa uendeshaji kilichoitwa Linux. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni hiyo. Kiini hicho kikiungana na kazi ya GNU, ulipatikana mfumo kamili usio mali ya kampuni moja.

3. Kesi ya Netscape

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi nguvu za soko la programu ni ule wa Netscape. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1994, na kivinjari chake cha kusomea kurasa za intaneti kikaenea upesi sana. Microsoft, ambayo mfumo wake wa Windows ulikuwa katika zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta za kibinafsi zenye vichakataji vya aina ya Intel, iliona hatari. Hatari hiyo haikuwa kupoteza mapato ya vivinjari, bali kwamba siku moja programu zingeandikwa zitumike ndani ya kivinjari, na hapo mfumo ulio chini yake usingekuwa na maana tena.

Ili kuelewa hofu hiyo yafaa kutazama soko la kawaida. Wauzaji huenda penye wanunuzi wengi, na wanunuzi huenda penye wauzaji wengi. Soko lililokwisha kujaa huzidi kujaa, na soko jipya, hata likiwa safi na lenye paa zuri, hubaki tupu. Vivyo hivyo waandishi wa programu huandikia mfumo wenye watumiaji wengi, na watumiaji huchagua mfumo wenye programu nyingi. Kwa hiyo ushindi katika tasnia hii hauthibitishi daima ubora wa bidhaa. Mara nyingi huthibitisha kwamba mshindi alitangulia, au kwamba aliufunga mlango nyuma yake.

Microsoft ilitoa kivinjari chake bure na kukiambatanisha na Windows. Mwezi Mei 1998 serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa waliishtaki. Jaji Thomas Penfield Jackson aliamua kwamba kampuni hiyo ilitumia vibaya ukiritimba wake, na mwezi Juni 2000 akaagiza igawanywe mara mbili. Mwaka 2001 mahakama ya rufani ilikubali kwamba ukiritimba ulidumishwa kinyume cha sheria, lakini ikatengua amri ya kuigawanya. Kesi ikaishia katika mapatano.

Hukumu haikuiokoa Netscape, ambayo ilikuwa imekwisha kununuliwa na kampuni ya AOL. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1998, ilikuwa imeufungua msimbo wake kwa umma. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa mradi wa Mozilla, na mwaka 2004 toleo la kwanza kamili la kivinjari Firefox. Hapa pana funzo la pekee: kampuni ilikufa, kazi yake haikuzikwa nayo.

4. Hoja za pande mbili

Watetezi wa makampuni husema kwamba faida ndiyo inayolipa mishahara ya wataalamu, na kwamba programu iliyo na mwenyewe ina mtu wa kuulizwa inapoharibika. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa ya usalama katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za tovuti nyingi duniani. Ikadhihirika kwamba chombo kilichotegemewa na matajiri kilikuwa kikitunzwa na watu wachache waliokuwa na fedha kidogo mno. Cha wote chaweza kuwa kisichoangaliwa na yeyote.

Watetezi wa programu huria hujibu kwamba kasoro zimo katika programu zote, ila zilizofunikwa hujulikana na mwenyewe tu, akitaka. Huongeza kwamba uzoefu umekwisha kujibu swali la uwezo: tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 za orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Hata Microsoft, ambayo mwaka 2001 mkurugenzi wake Steve Ballmer aliifananisha Linux na saratani, mwaka 2018 ilitangaza kuinunua GitHub, ghala mashuhuri la kazi za programu huria, kwa dola bilioni 7.5.

Hata hivyo mgeuko huo usichukuliwe kuwa ushindi mtupu. Mfumo wa Android wa simu za mkononi umejengwa juu ya kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni wazi. Pamoja na hayo, mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya zaidi ya euro bilioni 4 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu. Msimbo ulikuwa wazi, lakini duka la programu na mikataba vilikuwa mikononi mwa mmoja. Uwazi wa msimbo, basi, ni sharti la uhuru. Si uhuru wenyewe.

5. Nafasi ya Kiswahili

Katika jambo moja Kiswahili kimewazidi waanzilishi wa ubishi huu. Kiingereza hutumia neno moja, «free», kwa kitu kisicho na bei na kwa kitu kisicho na kifungo, na Stallman amelazimika kwa miaka mingi kufafanua ni maana ipi anayoikusudia. Kifaransa hutenga «gratuit» na «libre». Kiswahili nacho kina bure na huru, na katika istilahi limekubalika neno huria. Programu ya bure yaweza kuwa ya kifungo, kama kilivyokuwa kivinjari cha Microsoft. Na programu huria yaweza kuuzwa. Mwalimu anayezichanganya istilahi hizi mbili huwapotosha wanafunzi katika kiini chenyewe cha suala.

Jambo la pili ni la historia. Mwaka 2004 mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuzifanya programu zake zizungumze Kiswahili. Ushindani, basi, ulikifaidi Kiswahili: lugha iliyokuwa haihesabiwi sokoni iligombewa na pande mbili. Lakini faida hizo mbili si za aina moja. Tafsiri ya kampuni hudumu kadiri kampuni inavyoona inafaa, na istilahi ambayo wasemaji wameikataa haiwezi kubadilishwa bila idhini yake. Tafsiri iliyo huria hubaki mali ya wasemaji, japo nayo hudhoofika wasipopatikana watu wa kuiendeleza.

Kwa wasemaji wa Kongo swali hili lina uzito zaidi. Kiswahili cha skrini hufuata Kiswahili sanifu cha Tanzania na Kenya, ilhali wasemaji wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani wana matumizi yao, na maneno mengi ya kazi na ofisi wameyapata kwa Kifaransa. Haiyumkiniki kampuni igharamie toleo la pekee kwa ajili yao. Katika kazi zilizo wazi njia ipo: hazina ya data za lugha inayotunzwa na Unicode ina sehemu mahususi ya Kiswahili cha Kongo, na mapendekezo ya kuirekebisha hupokewa. Kama sehemu hiyo istahili kufuata usanifu au kuandika lugha jinsi inavyosemwa ni suala la isimu. Wahandisi wa California hawana ujuzi wa kulijibu. Idara za lugha wanao.

6. Hitimisho

Chuo kikuu kisicho na fedha za leseni huwa na njia tatu: kunakili programu kwa siri, kungoja msaada, au kutumia programu huria na kujifunza kuitunza. Njia ya kwanza ni kinyume cha sheria, nayo humfunga mtumiaji kwa mwenye programu hata pasipo malipo, kwa kuwa mazoea yake na faili zake hubaki humo humo. Njia ya pili hutegemea nia ya mtoaji. Wahenga walikwisha kunena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Njia ya tatu si ya bure, kwani hudai muda, umeme, walimu na uvumilivu. Lakini gharama yake hulipwa kwa watu wa chuo chenyewe, na ujuzi unaopatikana hubaki. Idara ya Kiswahili ina kazi yake katika njia hiyo: kukusanya istilahi, kuzijadili hadharani, na kuzipeleka mahali ambapo hakuna kampuni itakayoweza kuzifungia.