Protini za labo: kutoka damu ya mtu aliyepona Kikwit hadi dawa ya Ebola

Mwezi wa nane 2019, Ebola ilifika Mwenga, teritware inayopakana na Fizi. Siku chache mbele ya hapo, dawa mbili zilikuwa zimeonyesha nguvu kule Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Moja, inayoitwa mAb114, ilianzia katika damu ya Mkongomani. Lakini dawa yenyewe si damu. Ni protini inayotengenezwa labo.

Kwa wakaaji wa Makobola, ambako kila mara damu ikichukuliwa kwa kipimo watu wanauliza inaenda wapi, ni vizuri kujua kazi hiyo inafanyika namna gani.

Protini ni nini?

Karibu kila seli ya mwili ina maagizo yanayoitwa jeni. Kwa kufuata maagizo hayo, seli inatengeneza protini. Insulini, inayosaidia sukari ya damu kuingia ndani ya seli, ni protini. Kingamwili, askari wa mwili, nazo ni protini. Kuna pia protini za ukuaji: hizi zinaambia seli zigawanyike na kuongezeka, kwa mfano wakati kidonda kinapona.

Zamani zilitoka kwa wanyama

Wagonjwa wa sukari walitumia insulini ya nguruwe na ng'ombe. Mmarekani Stanley Cohen alipata protini moja ya ukuaji katika tezi za mate za panya. Mwaka 1986 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini, aliyegundua nyingine.

Kisha wataalamu wakajifunza kuingiza jeni ya mtu ndani ya bakteria au seli ingine, ili itengeneze protini ya mtu. Insulini ya namna hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Leo protini nyingi za ukuaji zinatengenezwa vilevile, na labo zinazitumia kulisha seli zinazofanyiwa utafiti.

Ni sawa na muhogo. Jirani akikupa mti mmoja, unaukata vipande, unapanda, na kisha unapata shamba nzima. Hauna haja ya kurudi kwake kila msimu.

Damu ya Kikwit

Mwaka 1995, wakati wa Ebola ya Kikwit, Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. 7 wakapona. Hesabu ilikuwa ndogo, haikutosha kuthibitisha, lakini wazo lilibaki.

Miaka mingi baadaye, mmoja wa waliopona Kikwit alitoa damu tena. Ndani yake wataalamu walipata seli zinazotengeneza kingamwili kali dhidi ya Ebola. Walisoma jeni yake, wakaiingiza katika seli za mnyama mdogo wa jamii ya panya, na seli hizo zikaanza kutoa kingamwili ile ile. Hakuna aliyehitaji kuchotwa damu kwa kila dozi.

Majaribio ya Kivu ya Kaskazini yalianza mwezi wa 11 mwaka 2018. Kati ya wagonjwa 100 waliopewa mAb114, karibu 35 walikufa. Kwa dawa ya zamani ya kulinganishia, ilikuwa karibu 50. Marekani iliruhusu mAb114 mwezi wa 12 mwaka 2020.

Faida ni ya nani?

Hapa ndipo swali la wakaaji lina uzito. Damu ilitoka Kongo, wagonjwa wa majaribio walikuwa Wakongomani, lakini haki ya kutengeneza dawa ilipewa kampuni ya Marekani, Ridgeback. Na dawa hiyo inatunzwa kwenye baridi, jambo gumu pale umeme unapokosekana.

Kwa hiyo, kuuliza si ukaidi. Damu ikichukuliwa kwa utafiti, mtu ana haki ya kuelezwa kwa luga anayoelewa: ni ya kazi gani, itatunzwa wapi, na anaweza kukataa bila kunyimwa matunzo. Damu ya kipimo cha malaria ni jambo lingine: inapimwa ili mgonjwa apewe dawa inayofaa.

Jambo la mwisho: protini zinazouzwa kwa labo huandikwa kwamba ni za utafiti tu. Hizo hazikupimwa kama dawa ya watu. Mtu akikuletea chupa ya namna hiyo na kusema inaponyesha, usikubali sindano. Uliza kwanza kwenye kituo cha afya.