Mkoba wa Mpiga Picha Usiwe Mzigo

Mtu akinikuta leo katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, na mkoba wangu mdogo wa maradufu ubavuni, hudhani nimechukua mkate wa asubuhi. Kumbe mna kamera ndani. Mkoba huo sikuupata kwa siku moja. Ulinigharimu picha ambayo sitaipata tena.

Ilikuwa Lamu, Mfungo Sita, siku za Maulidi. Wakati huo nilikuwa na begi kubwa jeusi la mgongoni lenye kamera mbili na lenzi nne. Nilitoka nalo Mombasa kwa basi, na pale Mokowe nikavuka nalo kwa mashua nimelipakata kama mtoto, nikichelea maji ya chumvi. Nilipofika kwa mjomba wangu, alilitazama lile begi akacheka: “Mpwa wangu, hii ni kamera ama wahama nyumba?”

Alasiri wazee walijipanga safu kucheza goma, kila mmoja na bakora yake. Mjomba, aliyekuwa amepita umri wa miaka 80, alikuwa kati yao, kanzu nyeupe na koti. Kamera yangu ilikuwa na lenzi ndefu, nami nilikuwa karibu mno. Nilichokiona ni vidole vyake tu. Nikapiga magoti, nikafungua zipu, nikaanza kupekua lenzi fupi. Mara nikasikia vigelegele. Nilipoinua kichwa, mjomba alikuwa ameshashusha bakora, anafuta jasho. Waliokuwapo waliniambia kuwa aliiinua juu, akageuka kunitafuta mimi, akatabasamu. Kabla ya Maulidi ya mwaka wa pili Mwenyezi Mungu alimchukua. Picha niliyo nayo ni ya mgongo wake akienda kuketi.

Tangu hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa chuoni. Tulipokuwa watoto mama zetu walitushonea vifuko vya kitambaa, na ndani yake mlikuwa na juzuu moja tu, ile tunayoisoma. Aliyekuwa kwenye Juzuu Amma hakuja na msahafu mzima. Mwalimu akisema, soma unachokijua, kingine kitakuja kwa siku yake. Niliyasahau maneno hayo kwa muda wa miaka 40, hata nikakumbushwa na bakora ya mjomba.

Basi jinsi ya kuchagua mkoba ni hivi. Usianzie dukani, anzia nyumbani, juu ya mkeka. Weka kamera moja, na lenzi moja imeshafungwa juu yake. Katika vichochoro vyetu, ambako ukirudi nyuma hatua mbili mgongo umegusa ukuta, lenzi ya milimita 35 yatosha. Mwenye kupenda nyuso za watu achukue ya milimita 50. Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kamera ndogo ya Leica na lenzi ya kadiri hiyo. Ongeza betri ya akiba, kadi ya pili, ambayo haizidi sana ukubwa wa stempu, na kitambaa safi cha kufutia. Wa filamu aongeze mikanda miwili. Sasa pima vitu hivyo, na utafute mkoba wa kuvienea, na nafasi ya mkono mmoja kuingia na kutoka. Usinunue wenye nafasi zaidi “kwa siku za mbele”. Nafasi tupu haikai tupu. Itaita lenzi ndefu, na lenzi moja kubwa ya milimita 70 hadi 200 yaweza kufika karibu kilo moja na nusu.

Kisha tazama kifuniko. Kifunguke kwa mkono mmoja bila ya kutazama. Jihadhari na ule utepe unaonatana, ambao ukiuvuta hulia kama nguo inayochanika. Katika hadhara ya dua utageuziwa vichwa vyote. Zipu ya chuma duni haiwezi hewa ya bahari, hushika kutu. Bizimu ya shaba ni bora. Mkanda uwe mpana, nao uvae kwa kukingamisha kifuani, ili ukiruka kutoka mashuani mikono iwe huru.

Ngozi ni nzuri, lakini pwani yetu ina unyevu. Ngozi ikifungiwa kabatini huota ukungu, na lenzi nayo huota ndani ya kioo. Maradufu nzito ni salama zaidi. Hata hivyo mkoba ni wa njiani, si wa kulazia kamera. Ukirudi, toa vyombo vyako, uanike mkoba penye upepo.

Liko jambo jingine, ambalo wauzaji hawalisemi. Wakati wa sala ukifika, mkoba mdogo utauweka mbele yako bila ya kumbana jirani katika safu. Begi kubwa ama litavunja safu, ama litabaki mlangoni na moyo wako pamoja nalo. Na mzee aliyeketi barazani, ukimtolea salamu na kumwomba ruhusa ukiwa na mkoba mdogo, humwona mgeni. Ukimfungulia begi la vyuma, huona amekuja mtu wa kumchukulia kitu.

Wenzetu wa mbali nao walifika huku huku. Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer huko Marekani, katika miaka ya 1970 alijitengenezea mkoba laini wa maradufu, kwani mingine ilikuwa migumu kama masanduku. Na kampuni ya Billingham ya Uingereza ilianza mwaka 1973 kwa kushona mikoba ya wavuvi. Wapiga picha ndio walioipenda wakaifanya yao.

Wangu mimi niliushonesha kwa fundi wa makubadhi. Nilimpelekea kamera aipime, akaniuliza, “Bwana, na vingine utatia wapi?” Nikamjibu kuwa vingine nimeviacha. Akatikisa kichwa, akashona. Siku hizi kamera hutoka kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Picha ya mjomba haitarudi, lakini wazee wengine wapo, na goma bado yachezwa. Kwa vijana watakaokwenda Lamu na kamera zao, nawaachia ubeti huu:

Mkoba uwe mwepesi, begani usilemee,
Ufunguke kwa upesi, wakati usipotee,
Uchague kwa kiasi, tamaa isikolee,
Kilichozidi nafasi, nyumbani kikungojee.