Je, Wajua? Baiskeli Iliyoitangulia Reli

Je, wajua kwamba baiskeli kuukuu unayopishana nayo mjini Mpanda inaweza kuwa na umri kuushinda mkoa wenyewe? Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Hata Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 tu. Reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi za msitu wa miombo, ilikamilika mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi.

Ukishateremka garimoshi, omba ruhusa ya mwenye baiskeli, kisha uiname kwenye gurudumu la nyuma na kitambaa mkononi. Kama habu ni ya gia tatu iliyotengenezwa na Sturmey-Archer wa Nottingham, Uingereza, futa grisi taratibu: kiwandani walikuwa wakigonga mwaka na mwezi kwenye chuma. 52 na 3 maana yake ni Machi 1952. Ukikuta 48, umeshika chuma kilichoitangulia reli iliyokuleta. Baiskeli nyingi za huku hazina gia, kwa hiyo habu ya namna hiyo ni bahati, na bahati ya aina hiyo ndiyo inayonifanya nipende kusafiri.

Kisha tazama spoketi kubwa ya mbele. Ile ya Raleigh mara nyingi imekatwa vichwa vitatu vya ndege korongo, nembo ya kampuni hiyo. Ya Humber ina watu wadogo wakizunguka duara kama wanaocheza ngoma, na forki yake ya mbele ni ya vyuma pacha kila upande. Na ukiiona baiskeli ya Swala, mpige picha mwenyewe akiwa nayo, kama ataridhia: hiyo ni ya kwetu, kazi ya kiwanda cha NABICO cha Dar es Salaam.

Breki nazo ni za fito za chuma, bila waya wowote. Ukivuta mkono, fito huinua raba na kuibana ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu. Mrina asali aliye ndani ya miombo na dumu kwenye keria hana waya wa kumkatikia njiani. Spana na koleo vinamtosha.

Tega sikio pia. Ukisikia “tak” kila kanyagio linapozunguka, kotapini imelegea, na fundi wa chini ya mwembe ataijua kabla hujasimama.

Ukipata baiskeli ya kuazima, nenda Sitalike, kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda. Iegeshe mbali na ukingo wa mto Katuma. Kiangazi maji yakipungua, viboko hubanana kwenye madimbwi, migongo ikigusana, na harufu yao utaipata kabla hujawaona.